Upepo Ukikata Usirudi Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kimbunga

Ninaishi pwani ya Kilwa, kiasi cha hatua mia tatu kutoka ufukweni, na nina duka dogo la rejareja ambalo mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotupiga, lilinitoza ada kubwa kwa masomo ambayo ningeyapata bure kama ningewauliza wazee. Ninayaandika kwa ajili ya kila anayeishi kati ya Tanga na Mtwara, Unguja, Pemba na Mafia. Jamaa zetu wa Komoro na wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wanayajua kuliko sisi, maana wao walishachapwa mara nyingi.

La kwanza kabisa ni kuondoa kichwani ile kauli kwamba vimbunga si vya kwetu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, ilhali Pemba iliponea chupuchupu, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Katikati ya matukio hayo kuna vizazi vizima vilivyozaliwa na kufa bila kuona kimbunga, na hapo ndipo kauli hiyo ilipopata mizizi.

Unadra huo una sababu, na ni vema kuijua kwa sababu ndiyo inayokuambia nyumba yako iko upande gani wa hatari. Kimbunga huzaliwa baharini, mahali ambapo maji yamepata joto la nyuzi 26 au zaidi, na joto hilo limeshuka chini kiasi cha mita hamsini, kwa maana joto la juujuu tu likikorogwa na upepo hupoa mara moja. Mvuke hupanda, hupoa huko juu na kugeuka mawingu na mvua, na katika kugeuka huko huachia joto linaloifanya hewa izidi kupanda, huku hewa nyingine ikikimbilia chini kuziba pengo lililoachwa. Mzunguko wa dunia ndio unaoipinda hewa hiyo ikazunguka badala ya kwenda moja kwa moja hadi katikati. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno, na ndiyo maana ni nadra sana kimbunga kuonekana ndani ya nyuzi tano za latitudo kutoka Ikweta. Mombasa iko kwenye nyuzi nne, Unguja sita, Mafia karibu nane, Lindi na Mtwara zimeshafika kumi. Kwa hiyo kadiri unavyoshuka kusini, ndivyo unavyopaswa kulichukulia andiko hili kwa uzito zaidi. Msimu wenyewe huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya ilikuja Mei.

Uwe na redio ya betri, na betri zake ziwe mpya. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, si sauti zinazosambazwa kwenye makundi ya simu na mtu asiyejulikana ambaye kila mwaka ana shemeji yake bandarini.

Hapa lazima niseme neno kuhusu dharau. Aprili 2019 Mtwara ilitahadharishwa kuhusu Kimbunga Kenneth, shule zikafungwa, watu wakahamia mahali palipoonekana salama, kisha tarehe 25 kimbunga kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kuvisambaratisha vijiji vya huko. Aprili 2021 tukatahadharishwa kuhusu Jobo, nacho kikafifia kabla ya kufika Dar es Salaam. Basi Hidaya ilipotangazwa, barazani kwetu watu walicheka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wapo waliosema kwamba kitu chenye jina la zawadi hakiwezi kuwa na madhara. Tuelewe kwamba anayetabiri njia ya kimbunga anatabiri mwendo wa pia inayozunguka juu ya meza isiyo sawa: anaweza kukuambia itaelekea upande gani, lakini kosa la kilomita mia moja kwenye ramani ni jambo la kawaida kabisa, na kilomita mia moja ndizo zinazotenganisha kijiji kilichobomoka na kijiji kilichoanua nguo tu. Ukitahadharishwa mara tatu na kimbunga kikakupitia pembeni mara zote tatu, hujadanganywa.

Jua upo upande gani wa kitovu. Huku kusini mwa Ikweta kimbunga huzunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea pwani yetu, walio kaskazini mwa kitovu hupigwa na upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini, na walio kusini mwake hupigwa na upepo unaoisukuma bahari iwaingilie. Ndiyo sababu tangazo linalosema kitovu kinaelekea Mafia lilipaswa kututisha sisi wa Kilwa, tulio kusini mwake, kuliko wengi walivyodhani. Na kama huna ramani wala redio, simama mahali pa wazi uupe upepo mgongo: kitovu kitakuwa upande wa mkono wako wa kulia. Mabaharia wameitegemea kanuni hiyo kabla ya setilaiti kuwapo.

Angalia mwezi. Jambo hili silioni likitajwa vya kutosha, ilhali kila mvuvi wa pwani hii amelijua tangu utotoni. Upepo wa kimbunga huyarundika maji pwani, na kwa kuwa katikati ya kimbunga hewa ni nyepesi, bahari nayo huinuka kidogo kwa kukosa uzito wa kuikandamiza. Maji hayo yaliyofura huja juu ya maji ya kawaida ya kujaa na kupwa. Kwa hiyo mita mbili za mfuro zikija wakati maji yamekupwa, huenda usizione kabisa. Zikija wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa, zitakukuta kitandani. Hidaya ilitufikia Jumamosi tarehe 4 Mei 2024, ambayo ilikuwa mwezi 25 Mfunguo Mosi, yaani siku chache tu kabla ya mwezi kuandama na bamvua kuingia. Ingechelewa siku nne tano, bahari ingekuwa na habari nyingine ya kutueleza. Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, haikuwa na bahati hata ya umbo la bahari: bahari yake ni pana na ina kina kifupi, na maji yanayosukumwa juu ya kina kifupi hayana pa kwenda isipokuwa juu. Kimbunga Idai kilipoingia usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mji huo ulichapwa na upepo na bahari kwa pamoja.

Vyombo vya baharini vipandishwe juu mapema, mashine zivuliwe na zihifadhiwe ndani, na nyavu zisiachwe zimetandazwa. Usiende kuvua kwa sababu bahari inaonekana shwari asubuhi. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa wakati wa Hidaya, na zile ni kubwa kuliko ngalawa yako.

Paa. Upepo mkali hauliangushi bati kwa kulisukuma tu. Ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ukipata upenyo wa dirisha au mlango huingia na kulisukuma kutoka ndani pia. Kwa hiyo achana na ushauri wa kufungua madirisha ili upepo upite: funga kila kitu. Kagua misumari ya pembezoni, kwa sababu bati huanza kubanduka kwenye kingo na pembe. Kama huna uwezo wa kukaza kenchi upya, pitisha kamba nene juu ya paa na uifunge kwenye vigingi vilivyozama vizuri, na mifuko ya mchanga ni bora kuliko mawe, maana jiwe likishuka halichagui kichwa. Makuti yakibebwa na upepo huwa takataka, lakini bati likibebwa huwa panga. Waliotazama picha za kisiwa cha Mayotte baada ya Kimbunga Chido, Desemba 2024, waliona vilima vizima vilivyokuwa vimejaa nyumba za mabati vikibaki kama shamba lililofyekwa.

Nyaraka ziwekwe kwenye mfuko wa nailoni ufungwe mara mbili: vitambulisho, vyeti, kadi za kliniki, hati ya kiwanja, karatasi za mkopo. Uzivae mwilini, usizifiche kabatini.

Weka fedha taslimu mkononi, tena ndogondogo. Umeme ukikatika na mnara wa simu ukilala, pesa iliyomo kwenye simu haiwezi kununua hata kibiriti, na wakala hana miujiza.

Sasa nije kwenye lile lililoniumiza. Nilijiandaa kwa bahari. Ijumaa jioni, baada ya matangazo kusikika msikitini na redioni, nilihamisha bidhaa zote kutoka chumba cha mbele kinachoitazama bahari nikazipeleka kwenye stoo ya nyuma, yenye ukuta wa matofali na mlango mzito: magunia manne ya mchele, unga, sukari, mafuta, na mifuko ya saruji niliyoileta kwa ajili ya mteja mmoja aliyekuwa anajenga. Nilijiona mtu mwenye akili. Nyuma ya stoo hiyo, kiasi cha hatua sitini, kuna korongo ambalo miezi mingi ya mwaka ni kavu, watoto huchezea mpira ndani yake, na mimi nilikuwa nimeacha kulihesabu kama njia ya maji.

Jumamosi upepo ulivuma kweli. Ulianza kama kusi iliyokasirika, kisha ukageuka kutoka baharini, na mvua ikawa inakuja kwa ubavu badala ya kushuka. Mimi na mama tulilala kwenye darasa la shule iliyo mwinukoni pamoja na majirani wengi. Mabati matatu ya nyumba yangu yalibanduka, basi. Alfajiri ya Jumapili kulikuwa kimya, jogoo wanawika, na redio ikatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu. Walisema kweli: kimbunga kilikuwa kimekwisha. Kikiingia nchi kavu hukosa ule mvuke wa bahari unaokilisha, kikafa kama jiko lililoondolewa mkaa. Nikamwambia mama turudi nyumbani. Akanijibu, "Ngoja kwanza, mwanangu. Huko juu mvua imenyesha usiku kucha, na maji bado hayajatufikia." Nikamweleza kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba redio imeshasema yamekwisha, na kwa kuwa hakutaka kubishana na mwanawe mbele za watu, akafunga kanga yake, tukarudi.

Tulichemsha chai. Nilijinyoosha kwenye jamvi dukani, na usingizi wa usiku uliopotea ukanichukua. Kilichoniamsha ni mlio wa kugonga, taratibu, ko, ko, ko, kama mtu mstaarabu anayepiga hodi stoo. Yalikuwa madumu matupu yakielea na kugongana na mlango kwa ndani. Nilipoweka mguu chini, maji yalifika kwenye kifundo. Nikakimbilia mlango wa mbele kuitazama bahari, na bahari ilikuwa imekupwa, mchanga uko wazi, kaa wanatembea. Sikuelewa. Nikachovya kidole kwenye maji yaliyomo ndani ya nyumba yangu, nikaonja. Hayakuwa na chumvi.

Yalikuja kutoka bara. Ardhi ilikuwa imeshashiba mvua za El Niño za miezi iliyotangulia, zile zilizokwisha kuzamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti mwezi Aprili, na mvua ya kimbunga haikupata mahali pa kunywewa. Ikakusanyika kwenye mabonde yote, na saa kadhaa baada ya upepo kukata ikashuka kwa pamoja kupitia korongo nililolisahau. Nilimbeba mama mgongoni. Njiani maji yalinifika kiunoni, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba vigogo, kuku waliokufa na mlango wa choo cha mtu. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na mpaka leo hajanilaumu, jambo ambalo ni zito kuliko kama angenigombeza.

Mchele ulioza. Saruji iligeuka mawe, nayo yako pale nyuma hadi leo, mtu akitaka kuketi. Daftari la madeni lililowana, na wino wote ukawa wingu la buluu. Baadhi ya wadeni walikuja wenyewe na kulipa, Mungu awabariki, na wengine nadhani wanasubiri daftari likauke. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwenye eneo la Somanga, malori yakakwama, na bidhaa zilizobaki madukani zikapanda bei, kwa hiyo hata aliyekuwa na fedha alikuwa na kazi ya kutafuta cha kununua.

Baadaye nilipoanza kuuliza na kusoma, niligundua kwamba hiyo si bahati mbaya ya kwangu peke yangu, bali ndivyo mambo yanavyokwenda. Kule Beira upepo wa Idai ulipita kwa usiku mmoja. Siku zilizofuata ndipo mito ya Buzi na Pungwe ilipomwaga maji tambarare hadi watu wakakutwa juu ya miti na mapaa, mbali na bahari. Kimbunga Freddy, kilichotangatanga kwa zaidi ya wiki tano mwaka 2023 na kuipiga Msumbiji mara mbili, kiliua watu wengi zaidi Malawi, nchi isiyo na bahari kabisa: zaidi ya watu elfu moja walikufa au kutoweka kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Tena hewa inavyozidi kupata joto huweza kubeba mvuke zaidi, kiasi cha asilimia saba kwa kila nyuzi moja, na mvuke huo hatimaye lazima ushuke mahali.

Kwa hiyo, kabla ya msimu, tembea nyuma ya nyumba yako. Tafuta kila korongo, kijito na mtaro, uulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa, na ukiona nyasi kavu zimenasa kwenye matawi ya mti juu ya kichwa chako, hiyo ndiyo alama ya kimo cha maji. Bidhaa na chakula vipandishwe juu, kwenye dari au meza zilizopandanishwa, si kuhamishwa kutoka upande mmoja wa nyumba kwenda upande mwingine. Kanuni yangu sasa ni kwamba upepo ukishakata, ninahesabu siku mbili kamili kabla ya kurudi kulala bondeni, na iwapo mvua inaendelea kunyesha bara, hesabu inaanza upya. Na kuna kukata kwingine kwa upepo kulio kubaya zaidi: kitovu chenyewe kikipita juu yenu, upepo husimama ghafla, pengine hata jua huonekana, kisha baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu ileile kutoka upande wa pili. Anayetoka nje kwenda kuokota mabati yake katika utulivu huo anaweza asirudi.

Maji ya kunywa yatekwe kabla. Niliona kijiji kilichozungukwa na maji pande zote kikikosa maji ya kunywa, kwa sababu mafuriko yalipita vyooni kwanza ndipo yakaingia visimani. Jaza madumu yote, funika kisima kwa mfuniko na nailoni nzito iliyofungwa kwa kamba, na baada ya mafuriko usiyaamini maji yake hata yakionekana meupe, mpaka kisima kisafishwe na kutiwa dawa. Chemsha au tumia vidonge vya kutibu maji. Kipindupindu kilifuata Beira ndani ya wiki chache baada ya Idai. Weka na chumvi, sukari na pakiti za maji maalumu ya kuharisha kwa ajili ya watoto.

Mkaa na kuni viwekwe juu, mahali pakavu. Hili wengi hulisahau, kisha wanakaa na mchele wasioweza kuupika. Dawa za presha na sukari za wazee zitoshe wiki mbili. Mjamzito aliyekaribia asisubiri barabara ikatike. Mbuzi wafunguliwe kamba. Mkubaliane mapema ni nani atakayembeba bibi na ni nani atakayeshika watoto, maana maji yakishaingia ndani kila mtu humdhania mwenzake.

Mikoko isikatwe kwa ajili ya boriti kwenye mwambao unaoelekea nyumba zenu; mizizi yake huyavunja mawimbi, na mti mmoja unaoukata kwa asubuhi moja huchukua miaka mingi kurudi. Usijenge kwenye mkondo kwa sababu tu kiwanja ni cha bei nafuu. Usivuke kwa miguu maji yanayokwenda kasi, hata kama ng'ambo unaitwa jina. Waya wa umeme ulioanguka usiuguse, usiuruke, wala usiusogeze kwa fimbo yoyote. Na ukirudi nyumbani baada ya siku zako mbili, piga mlango kwa fimbo kabla ya kuingia, kisha kung'uta viatu, mikeka na magodoro moja baada ya jingine, kwa sababu nyoka nao wanakimbia maji. Wa kwangu nilimkuta ndani ya mizani ya duka, amejikunja kwenye sahani ya kupimia sukari.